Mumbai, Delhi, Kolkata au Chennai: mvua za India zikishakatika, uende mji gani?

Kila mwaka ukiingia mwezi wa tisa, simu yangu huanza kupokea swali lile lile. Safari hii aliyeuliza ni binti wa shangazi yangu, yuko Tanga: "Dada, nimeambiwa mvua za India zinakatika Oktoba. Nikate tiketi ya mji gani?" Nimeshakwenda India mara tano, mara mbili nikimsindikiza mama kwenye matibabu na mara tatu kwa matembezi na kununua bidhaa, na zote zilikuwa kati ya Oktoba na Desemba. Kabla sijamjibu mtu huwa namrudishia maswali mawili: unakwenda wiki gani, na unakwenda na nani?

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia "baada ya mvua" wanadhani ni msimu mmoja nchi nzima, kana kwamba Bukoba na Lindi hunyeshewa siku moja. Upepo ule tunaouita kusi, ukishavuka ikweta hupinda na kuingia India kutoka kusini-magharibi ukiwa umebeba maji ya bahari, na ndio unaowaletea mvua za Juni hadi Septemba. Katikati ya Septemba mvua hizo huanza kujiondoa kule Rajasthan, kaskazini-magharibi, kisha zinarudi nyuma kidogo kidogo. Delhi hukauka mwishoni mwa Septemba. Mumbai husubiri hadi kama wiki ya pili ya Oktoba, na Kolkata siku chache baadaye. Baada ya hapo ni maleleji, upepo unayumba huku na huku, halafu kaskazi inashika. Ni kaskazi hiyohiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Kutch hadi Mombasa na Zanzibar, ila upande wa mashariki wa India hupita kwanza juu ya Ghuba ya Bengal, ikachota maji na kuyamwaga Chennai. Kwa hiyo wiki ambayo mtu wa Mumbai anaanika magodoro juani, mtu wa Chennai anatafuta mwavuli.

Delhi na Mumbai kwanza

Wengi wanaoniuliza huishia kuchagua kati ya hii miwili, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Delhi ya wiki mbili tatu za kwanza za Oktoba ni nzuri sana. Mchana hufika nyuzi 33 au 34, lakini ni joto kavu, na jua likishaegemea unaweza kutembea Lodhi Garden hadi magharibi bila shati kulowa. Miti bado ina kijani cha mvua. Huo ndio wakati wa kwenda Qutub Minar, mnara wa mawe wa mita 72 na ushee. Ibn Battuta, ambaye sisi tunamjua kwa habari za Mombasa na Kilwa alikopita mwaka 1331, alifika Delhi miaka michache baadaye akafanywa kadhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, na mnara huo ameueleza katika habari za safari zake. Niliposimama chini yake nilikumbuka magofu ya Kilwa Kisiwani tuliyopelekwa tukiwa shule, na nilijihisi nimekutana na mtu anayetoka kwetu. Asubuhi yake nenda mitaa ya Jama Masjid ukale nihari, nyama iliyokaa motoni usiku kucha hadi inauachia mfupa yenyewe.

Kisha mambo hubadilika, na hubadilika haraka. Wakulima wa Punjab na Haryana, majimbo ya jirani, huvuna mpunga Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba na wana siku chache tu za kuandaa shamba kwa ajili ya ngano. Njia ya haraka na rahisi ni kuyachoma mabua. Moshi huo huja hadi Delhi ukakutana na moshi wa magari, wa viwanda, vumbi la ujenzi na fataki za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Upepo nao umelala. Usiku hewa ya chini hupoa, juu yake ikakaa hewa yenye joto kama mfuniko wa sufuria, na moshi unakosa pa kutokea. Novemba 2016 ilibidi shule zifungwe. Novemba 2024 kipimo chao cha uchafu wa hewa, ambacho mwisho wake ni 500, kilizidi 450 na wanafunzi wakarudishwa kusomea nyumbani kwa intaneti. Mambo haya hurudi karibu kila mwaka, makali yake tu ndiyo yanayotofautiana.

Mimi nililipata hilo tarehe 9 Novemba ya mwaka mmoja. Tulikwenda kwa ajili ya goti la mama. Asubuhi ya kwanza nikafungua dirisha la chumba cha wageni nikidhani ni ukungu, kama ule wa Lushoto. Harufu ikanikatalia: ilikuwa ya majani yaliyochomwa na plastiki pamoja. Kitambaa cheupe nilichokuwa nimekianika usiku kwenye kamba ya roshani kilikuwa na mstari wa kijivu pale kilipokunjwa, na koo langu lilikuwa linawasha kama mtu aliyelala jikoni kwenye kuni. Mama ana pumu. Hadi siku ya tatu tulikuwa tunahangaikia kifua, goti tumelisahau, na dawa yake ya kuvuta aliyozoea kuitumia mara moja kwa siku akawa anaitumia mara nne. Daktari alituambia wazi kwamba ingekuwa heri tungekuja wiki sita mapema au tungesubiri hadi mwishoni mwa Februari. Hakuna aliyetuambia kabla, na mimi sikuuliza. Ndiyo sababu ninaliandika hili kwa mkazo: mwenye pumu, mwenye moyo, mjamzito, mtoto mchanga na mzee wa kifua wasipelekwe Delhi kati ya mwisho wa Oktoba na Januari kama kuna mji mwingine unaotoa huduma hiyo hiyo. Hata mzima atakohoa.

Na usidhani utajificha kwa kwenda Agra, kilomita 230 hivi kutoka Delhi. Nilimwacha mama na binamu yangu siku moja nikaenda kuiona Taj Mahal. Nilivuka lango saa moja asubuhi, nikaona weupe tu mbele yangu. Hadi kama saa nne ndipo kuba lilipojitokeza, hafifu, kama picha iliyofifia kwenye fremu ya zamani. Mwanzoni mwa Oktoba unaiona Taj nzima tangu langoni. Kumbuka tu kwamba Ijumaa hufungwa kwa watalii, na Lal Qila, ile ngome nyekundu ya Delhi, hufungwa Jumatatu.

Mumbai hesabu yake ni kinyume. Oktoba ndiyo mbaya, Novemba ndiyo nzuri. Wenyewe wanaliita "joto la Oktoba" na wanaliogopa karibu kama tunavyoiogopa Februari ya Dar es Salaam. Sababu ni upepo: mvua zimeondoka na mawingu yake, jua linawaka wazi juu ya ardhi iliyojaa maji, na asubuhi upepo hutoka bara. Upepo wa baharini unachelewa kuingia, hivyo saa sita hadi saa nane mchana unaweza kupata nyuzi 35 au 36 pamoja na unyevu. Nilishuka kwenye treni Churchgate tarehe 16 Oktoba, na hadi navuka barabara kwenda Marine Drive miwani yangu ilikuwa imeshaingia ukungu mara mbili. Lakini subiri hadi tarehe 10 Novemba hivi. Mchana bado ni nyuzi 33, ila unyevu umepungua, na usiku hushuka hadi 21 au 22. Watu hukaa kwenye ukuta wa Marine Drive hadi saa nne usiku, wazee kwa watoto, wakila karanga na mahindi ya kuchoma, na upepo unakuja taratibu kutoka majini. Kwa mtu wa pwani ni kama kukaa Forodhani.

Novemba pia bahari inakuwa imetulia, na kwa Mumbai hilo lina uzito. Boti za kwenda mapango ya Elephanta, zinazotoka Gateway of India, hukatizwakatizwa wakati wa mvua. Novemba zinakwenda bila shida, isipokuwa Jumatatu ambayo mapango hufungwa. Na kama una siku mbili za ziada, panda gari uende Murud, kilomita 150 hivi kusini mwa Mumbai, ukaione ngome ya Janjira iliyo katikati ya maji. Hiyo ilikuwa ngome ya Masidi, watu wenye asili ya Afrika waliofika India kama wanajeshi, mabaharia na watumwa, wakawa watawala. Wamaratha waliizingira mara kadhaa wakashindwa kuiteka. Wakati wa mvua haifikiki. Mvua zikiisha mashua za tanga zinakubeba kutoka kijiji cha Rajapuri. Kuta zake zinatoka moja kwa moja baharini, na mlango huuoni hadi mashua iwe karibu kuugonga. Mwafrika akienda Mumbai akairuka Janjira namsikitikia, maana sehemu chache sana duniani zina jengo la namna hiyo lililoshikwa na watu wetu kwa karne kadhaa.

Hewa ya Mumbai nayo nisiisifu kupita kiasi. Tangu 2023 hivi, Oktoba na Novemba vumbi la ujenzi limekuwa tatizo, na manispaa imelazimika kutoa masharti kwa wajenzi. Siku nyingine unaona anga la kahawia juu ya majengo ya Bandra. Hata hivyo bahari inausaidia mji ule kila mchana kwa namna ambayo Delhi haiwezi kusaidiwa. Mama mwenye pumu ile ile alikaa Mumbai siku kumi na nane mwezi wa Novemba akatumia dawa yake kama kawaida.

Usafiri ni jambo jingine la kupima. Metro ya Delhi, iliyoanza Desemba 2002, ni safi, imefika karibu kila pembe, na behewa la kwanza ni la wanawake peke yao. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, Delhi ni rahisi kuzunguka kuliko Mumbai. Mumbai ni treni za mjini, na treni hizo ukizipanda saa mbili asubuhi au saa moja jioni utabebwa na watu bila kutembea. Mzee au mgonjwa usimpandishe kabisa saa hizo. Panda saa sita mchana, daraja la kwanza, utafurahi. Bajaji zipo, wao wanaziita "auto", lakini haziruhusiwi kuingia kusini mwa Bandra na Sion. Ukifikia Colaba, kusini kabisa mwa mji, utatumia teksi nyeusi na njano. Na vyumba: Mumbai ni ghali kuliko miji mingine mitatu ninayoizungumzia, na kwa pesa ile ile unapata chumba kidogo zaidi. Ukitaka kubana matumizi kaa Andheri au karibu na kituo cha treni upande wa kaskazini.

Kinachoirudisha Mumbai juu machoni pangu ni kwamba mtu wa Afrika Mashariki hapotei pale. Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kutoka Nairobi kwa miaka mingi. Ukiingia Mangaldas, soko la vitambaa karibu na Crawford Market, muuzaji anataja "ek lakh" ukajua ni laki bila mkalimani, na "paisa" ukajua ni pesa. Mzee mmoja pale alinipimia mita sita za pamba, akanisikia nikimwambia mama "bima" nikizungumzia karatasi zake za hospitali, akainua kichwa: "Bima? Hindi?" Nikamwambia ni Kiswahili. Aliacha mkasi, akaniagizia chai, tukakaa nusu saa tukitafutana maneno: gari, chapati, laki, pesa, bima. Mama alizihesabu kwa vidole. Siku hiyo hatukununua kitu kingine chochote na tulirudi tumefurahi kuliko siku zote.

Kolkata

Kolkata watu wetu wengi hawaifikirii, na kwa wiki moja ya mwaka wanakosa kitu kikubwa. Durga Puja ni sikukuu ya Kihindu ambayo mji mzima huijengea mabanda ya muda mitaani, mengine makubwa kama ukumbi wa harusi, mengine yamesukwa kwa mianzi na vitambaa hadi yanafanana na makasri, na ndani yake kuna sanamu za udongo za mungu wao Durga. UNESCO iliiorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2021. Mimi ni Mwislamu na sikuingia kwenye ibada ya mtu. Nilichofuata ni ufundi, na hakuna aliyenizuia wala kunisukuma. Nenda mtaa wa Kumartuli wiki mbili kabla ya sikukuu: utakuta mafundi wakiwa wamechuchumaa kwenye vibanda vyembamba, mifupa ya majani makavu imefungwa kamba, udongo wa mtoni unabandikwa kwa kiganja, na mzee mmoja peke yake ndiye anayechora macho. Nilimwona akivuta pumzi na kuishikilia, brashi ikashuka mara moja, akapumua.

Tarehe hufuata mwezi, kwa hiyo huhama. Mwaka 2025 ilianza mwisho wa Septemba ikaishia 2 Oktoba, mvua zikiwa bado zipo. Tarehe 23 Septemba mwaka huo mvua ya usiku mmoja iliujaza mji maji siku chache kabla. Mwaka 2026 inaangukia wiki ya tatu ya Oktoba, ambako uwezekano wa ukavu ni mkubwa zaidi. Vyumba hupanda bei na ofisi hufungwa, kwa hiyo usipange miadi ya daktari wala shughuli ya benki wiki hiyo. Novemba Kolkata inatulia: nyuzi 30 mchana, 19 au 20 usiku. Ila Oktoba na Novemba ni miezi ya vimbunga kwenye Ghuba ya Bengal, fuatilia taarifa kabla ya kusafiri.

Kwa chakula, nikisema kweli, Kolkata ndiyo iliyonigusa. Biriani yao ina kiazi kizima ndani, kilichonywa mafuta na zafarani. Wenyewe wanaihusisha na Nawabu Wajid Ali Shah, aliyeondolewa utawala Lucknow mwaka 1856 akahamia hapo na wapishi wake. Bei yake ni ya mtu wa kawaida. Metro yao ni ya kwanza India, ya mwaka 1984, na tangu 2024 kuna njia inayopita chini ya mto Hooghly.

Chennai, na kwa nini usiende Novemba

Chennai ndio mji ninaoupenda kwa matibabu, na ndio ninaowakataza watu kuuendea Oktoba hadi katikati ya Desemba. Zaidi ya nusu ya mvua yake ya mwaka hunyesha miezi hiyo mitatu. Ni vuli yao, ila vuli inayoweza kukusanyika kwenye siku mbili. Desemba 2015 mji ulifurika, uwanja wa ndege ukafungwa kwa siku kadhaa. Desemba 2023 kimbunga Michaung kilileta hali kama hiyo tena. Si kila mwaka, lakini mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji jana hapaswi kubahatisha. Mwaka tuliokwenda haikuwa mafuriko ya habari, ilikuwa mvua ya kawaida ya Novemba. Ilitosha kufanya mtaa wa nyumba ya wageni uwe na maji hadi kwenye mashavu ya miguu kwa siku tatu, na dereva wa auto aliyekuwa akitupeleka kubadilisha bandeji aliizima injini akaisukuma kwa mkono ili maji yasiingie, mimi nikiwa nimeinua miguu ya mama kwenye mapaja yangu.

Lakini ukiweza kusogeza tarehe hadi Januari, sikushauri mji mwingine kwa mgonjwa. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Delhi, joto ni la nyuzi 29 au 30, hospitali ni nyingi na zimekaribiana, na mitaa inayozizunguka imejaa nyumba za wageni zenye jiko ambako unampikia mgonjwa wako uji. Katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari mji unajaa maonyesho ya Carnatic, muziki wa jadi wa kusini mwa India, mengine bila kiingilio. Na sisi tuna sababu mpya ya kuifahamu: chuo cha IIT Madras, chenye makao yake Chennai, kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Kwenye mgahawa wa idli, vile vikate vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, nilikutana na kijana wa Kihindi ambaye dada yake anafundisha Bweleo, kwenye tawi hilo, akaniuliza kama ni kweli urojo una viazi.

Mbu, kokote utakakokwenda

Mvua zikikatika maji yaliyosimama yanabaki, na homa ya dengi hupanda miji yote hii mwezi wa Oktoba na Novemba. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi: vaa mikono mirefu, paka dawa asubuhi na tena alasiri. Dar es Salaam tuliyaona mwaka 2014 na 2019, si ugonjwa mgeni kwetu. Ukipata homa ukiwa huko au baada ya kurudi, tumia parasetamoli tu hadi upimwe, usinywe aspirini wala dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, kwa sababu dengi inaweza kuleta kuvuja damu. Na ukifika kwa daktari nyumbani mwambie umetoka India. Wengi hupimwa malaria peke yake wakarudishwa.

Ninavyomchagulia mtu

Anayekwenda kutembea tu na ana nafasi ya kwenda tarehe yoyote, namwambia Delhi na Agra wiki mbili za kwanza za Oktoba, kisha ndege au treni hadi Kolkata kama Puja iko karibu. Safari hiyo ni nzuri kuliko zote nilizofanya. Asiyeweza kuondoka kabla ya Novemba, hasa walimu na wafanyabiashara wanaofunga hesabu, aende Mumbai na asiangalie nyuma. Mwenye mgonjwa wa kifua: Mumbai Novemba, Chennai Januari, Delhi usiiguse. Mwenye mgonjwa wa saratani mara nyingi hana anasa ya kuchagua mwezi, atakwenda anakopewa nafasi. Huyo namwambia achague nyumba ya wageni anayoweza kutembea kwa miguu hadi hospitali, hata kama ni ghali, kwa sababu foleni ya Mumbai na maji ya Chennai vinachosha kuliko dawa. Viza ya matibabu ya mtandaoni inaruhusu wasindikizaji hadi wawili, waombe pamoja naye wasichelewe kumfuata.

Diwali iangalieni kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Oktoba, mwaka 2026 ni 8 Novemba. Siku tatu kabla na tatu baada treni zimejaa, maduka mengi ya jumla yamefungwa, na fataki hulia hadi usiku wa manane. Tiketi za treni India hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Kwa juma la Diwali kata siku hiyo hiyo zinapofunguliwa. Kwa mwenye duka, juma la kabla yake ndilo lenye bidhaa nyingi, ila bei nazo ni za sikukuu.

Kadi ya njano nayo. India inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, Uganda, Congo na nchi nyingine za namna hiyo, na cheti huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya sindano. Asiyekuwa nacho anaweza kuzuiwa karantini hadi siku sita. Ndugu zetu wa Tanga na Arusha wanaokwenda kupandia ndege Nairobi kwa basi husahau kwamba wakishakanyaga Kenya nao wamo. Chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo itafuteni kadi ya zamani kabla hamjalipia nyingine. Fedha bebeni kiasi mkononi: hata muuza chai wa barabarani analipwa kwa kuskani msimbo kwenye simu, lakini mfumo huo kwa kawaida unataka akaunti ya huko, na M-Pesa yako haimfikii.

Binti wa shangazi amekata Mumbai, 12 Novemba 2026, siku nne baada ya Diwali, na anakwenda na mama mkwe wake mwenye presha na magoti. Wanapitia Mombasa na Nairobi. Nimemwambia akachanjwe mwezi huu huu, dawa za presha aziweke kwenye mkoba wa mkononi zikiwa kwenye maboksi yake pamoja na barua ya daktari, na chumba akitafute ghorofa ya chini au penye lifti inayofanya kazi, aulize kwa simu, asitegemee picha. Mama mkwe ameshaanza kuandika orodha ya vitambaa.